Wimbo Ulioanzia Chini

Katika kanisa letu la mabati pale Free Area, Nakuru, kinanda hakimwongozi mwimbaji. Mwimbaji anaanza popote koo lake linapotua, kisha kinanda kinamtafuta. Mpiga kinanda wetu ni mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani, na kila Jumapili utamwona ameinamisha kichwa, kidole kimoja kikigonga hapa na pale, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya watu. Akiipata ile noti anatabasamu, ngoma inaingia, kayamba inaingia, na sisi wengine tunaruka mpaka viti vya plastiki vinahama mahali pake.

Kwa miaka mingi, mtu aliyekuwa akitafutwa ni mimi.

Sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nilikuwa na sauti, tena ya juu, kali, isiyojua kupanga foleni. Babu yangu alitoka upande wa magharibi kuja Nakuru kufanya kazi ya reli, na hakutuachia shamba wala nyumba, alituachia makoo. Kibandani kwangu, nikinadi viazi vya Dundori, mtu aliye ng'ambo ya barabara kuu aligeuka kutazama kama ni yeye anayeitwa. Katika kikundi cha simu cha akina mama wa kanisa sikuandika hata siku moja. Kuandika niliwaachia wenye haya. Mimi nilituma ujumbe wa kuzungumza, mrefu, wenye wimbo katikati, na wenzangu walizoea kuusikiliza huku wakisonga ugali.

Mungu kwa hekima yake alinipa mume asiyesema. Ni fundi wa viti. Ana karakana ndogo nyuma ya nyumba yetu, na anaweza kushinda humo kutwa nzima na misumari midogo mdomoni bila kuona kwamba amekosa kitu. Kanisani alisimama kando yangu, nadhifu, midomo ikicheza. Sauti yake sikuisikia, wala sikuitafuta. Yangu ilitosha nyumba nzima.

Kisha shingo yangu ikaanza kunenepa. Mwanzoni nilifurahi. Kwetu shingo nene ni dalili ya mwanamke anayetunzwa, na nilikuwa napita mbele ya jirani zangu nikiwa nimevua skafu makusudi ili wajionee. Lakini unono ule ulikuwa wa upande mmoja. Ukawa donge, donge likawa kama kiazi cha wastani, na mimi ninajua viazi. Nikaanza kukosa pumzi katikati ya ubeti. Mume wangu alitema misumari, akaniambia, "Mama, twende hospitali." Yeye akisema sentensi nzima, unajua mambo yameharibika.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ni goita, na kwamba inatoka kwa upasuaji, ila kuna jambo.

"Mishipa inayoendesha sauti imepita hapo karibu sana," alisema. "Tutajaribu kuilinda. Lakini lazima nikuambie ukweli, mama. Sauti inaweza kubadilika. Na kuna wachache, si wengi, ambao hairudi."

"Daktari, mimi ndiye naanzishanga nyimbo."

"Nyimbo gani?"

Swali gani hilo! Nikamwimbia palepale, ubeti mzima, nikiwa nimekaa juu ya kitanda chake cha kupimia, miguu ikining'inia. Kule kwenye ukumbi wagonjwa waliokuwa wakingoja wakapokea kiitikio. Muuguzi akafungua mlango kuona kama kuna mtu amekufa au amefufuka. Daktari alingoja nimalize, akaandika kitu, akasema, "Sawa. Nimesikia. Tutakuwa waangalifu sana."

Nilitoka pale nikicheka, nikapanda boda nikicheka, nikafika nyumbani, nikaketi juu ya gunia la viazi nikalia mpaka skafu ikaloa. Niliogopa. Nasema wazi: sikuogopa kufa nilivyoogopa kunyamaza. Bila sauti, mimi ni nani? Nitauzaje? Nitagombanaje? Nitamwitaje Mungu, na kanisani kwetu tunaamini kabisa kwamba maombi yasiyosikika mpaka kwa jirani hayajaiva?

Mume wangu alikuja akapiga magoti kando ya gunia. Akaomba: "Bwana, huyu ni wako. Sauti pia ni yako. Amina."

Nikamtazama. "Hayo ndiyo maombi? Unaombea chai?"

"Yameisha," akasema, akarudi karakana.

Basi nikajiombea mwenyewe, kwa ufasaha, na kwa masharti. Nilimwambia Mungu arudishe sauti ileile, na pale juu kabisa asipaguse. Akina mama wa kanisa nao wakashika silaha. Mama mwenyekiti wetu, anayekaa Lanet na ambaye akiomba mbwa wa mtaani hukaa chini, alitangaza kwamba koo hilo haliendi popote. Mungu si Athumani, akasema, na wote tukaitika.

Upasuaji ulipita. Nilipoamka, shingo ilikuwa imefungwa bandeji na daktari ameinama juu yangu. "Imeenda vizuri," alisema. "Sasa, usiseme kitu. Hata kunong'ona usinong'one. Mpaka mimi nikwambie."

Nilitaka kumuuliza vizuri ni vizuri vya kiasi gani. Sikuweza kuuliza. Huo ulikuwa mwanzo.

Kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa, muuguzi alikuwa amenipeleka nitembee ukumbini nikiwa nimemshika mkono. Kitanda changu kilikuwa kando ya dirisha, na kilichofuata kililaliwa na mama mmoja mkulima wa Dundori aliyepigwa teke na ng'ombe wake mwenyewe wakati wa kukamua. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta, na baridi ikimshika hujifunika blanketi gubigubi, kichwa na vyote. Kwenye wodi ile blanketi zote zilikuwa za rangi moja.

Niliporudi mlangoni, nikakuta akina mama wa kanisa letu wamefika. Wamemzunguka yule mama wa Dundori. Mikono yote iko juu ya blanketi, macho yote yamefumbwa, na mama mwenyekiti amekwisha kuwasha moto.

"Koo hili! Tunaliambia lifunguke! Tunakataa huu uvimbe! Tunakataa mizizi yake!"

Mimi niko hapa! Ndivyo nilivyotaka kupiga kelele. Niko hapa mlangoni, nyinyi, fumbueni macho! Lakini kwetu hakuna anayefumbua macho kabla ya Amina, hata nyumba iungue. Na mimi nimekatazwa hata kunong'ona. Hasira ilinipanda mpaka bandeji ikanibana. Nikafanya kitu pekee nilichoweza: nikapiga makofi.

Makofi! Mbele ya akina mama wanaoomba! Wakadhani Roho ameshuka kwa mtu mwingine wodini. "Haleluya!" wakajibu, na maombi yakapanda ngazi nyingine. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Nao wakaongeza. Muuguzi wangu alikuwa ameegemea ukuta, machozi yakimtoka kwa kicheko, hana msaada wowote. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho, asiyejua kinachoendelea, naye akaanza kupiga makofi ili asiachwe nyuma na baraka.

Hatimaye ikaja ile Amina. Na Amina kubwa kuliko zote ilitoka chini ya blanketi. Blanketi ikashuka, kichwa kikatokea, nywele zimesimama.

"Asanteni sana," yule mama akasema. "Lakini mimi ni mguu."

Nimeona wanawake wakiaibika maishani, lakini sijaona sura kama ya mama mwenyekiti siku ile. Akatazama kitanda, akatazama dirisha, akageuka, akaniona mlangoni mikono ikiwa bado hewani. "Weh!" akasema. "Kumbe uko huko?"

Walianza kuondoa mikono yao taratibu. Yule mama akamshika mwenyekiti mkono wa sweta. "Ngoja kwanza, mathe. Mmeanza na koo, sawa, nimeshukuru. Si mmalizie na mguu?"

Wakamaliza na mguu. Kisha wakanijia mimi, lakini kufikia hapo walikuwa wanacheka kiasi kwamba hakuna aliyeweza kukamilisha sentensi, na mimi nilikuwa nimeshika shingo kwa mikono miwili nikicheka bila sauti, kwa mabega tu, nikiogopa nyuzi zisikatike. Kama kuna maombi yaliyonigusa katika ugonjwa ule wote, ni hayo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nyumbani nilipewa kijiko na kifuniko cha sufuria. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yangu. Mume wangu alipanga utaratibu: pigo moja, chai, mapigo mawili, njoo, kugonga mfululizo ni hasira, na asiulizwe mtu. Ile ya mfululizo ndiyo niliyoitumia zaidi. Wateja walipokuja kibandani nilinadi kwa mikono, na mlevi mmoja alisimama akaniambia, kwa huruma ya dhati, kwamba yeye pia pombe ilimwanza hivyohivyo. Nilimkumbuka yule mama wa kwenye Maandiko aliyeomba midomo ikicheza bila sauti, kuhani akadhani amelewa. Nikajiona niko kwenye ukoo mzuri.

Alfajiri akina mama wetu hukutana kwa simu kuomba, kila mmoja akiwa kitandani kwake, na zamu huzunguka. Zamu yangu ilipofika, mama mwenyekiti akasahau. "Sasa dada yetu wa Free Area atuongoze," akasema. Kukawa kimya. Kimya kirefu, na kwenye simu kimya ni kirefu mara mbili. Nikachukua kijiko. Ngo! Kwenye kifuniko, mara moja, kwa imani.

"Amina!" wakaitika wote, na zamu ikaendelea.

Nilicheka chini ya blanketi. Kisha, kicheko kilipoisha, nikabaki na simu kifuani nikisikiliza sauti za wenzangu zikipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba sijawahi kuwasikia. Siku zote nilikuwa nangojea zamu yangu. Nikamwambia Mungu moyoni, hapohapo, maneno machache tu: Niko hapa. Hakukuwa na mtu wa kuitika Amina, na bado nilijua nimesikika. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakukosea.

Na siku moja nikasikia kitu kingine. Nilikuwa nampelekea mume wangu chai karakana. Kabla sijafika, nikasikia mwanamume anaimba humo ndani. Pole, chini kabisa, sauti nzito iliyojaa, ungedhani inatoka kwenye mbao. Ulikuwa wimbo wetu wa Jumapili, ule ambao mimi huuanza kila mara. Nikadhani ana mgeni. Nikachungulia. Alikuwa peke yake, anavuta ngozi juu ya kiti, hana msumari mdomoni. Niliposogea, kikombe kikalia kwenye sahani, naye akanyamaza kama mtu aliyekutwa na sufuria ya majirani.

Nilitaka kumuuliza. Sikuwa na pigo la kifuniko la swali hilo.

Siku ya daktari ikafika. Aliniambia nifungue mdomo, akatazama kwa kioo na taa yake, akasema, "Haya, mama. Sema aaa."

Nilikuwa nimeiandaa ile aaa kwa siku nyingi. Nilivuta pumzi, nikafumba macho, nikaisukuma. Ikatoka hewa. Hewa tupu, kama tairi ya baiskeli.

"Tena, pole pole."

Ikatoka hewa, halafu mkwaruzo, halafu kitu cha chini kabisa, kizito, chenye mchanga ndani. Nilifumbua macho kuangalia nani ameingia.

"Hiyo ndiyo," daktari akasema, anafurahi. "Itaimarika."

"Na ile ya juu?" nikauliza, na sauti iliyouliza ilikuwa ya mjomba wangu.

Daktari hakunidanganya. "Ile ya juu sidhani, mama. Pole."

Nilimwambia mume wangu, aliyekuwa akiningoja nje, atangulie nyumbani. Nilitembea peke yangu, na safari hii sikucheka. Nilimgombeza Mungu njia nzima. Nilimwambia nilikuwa na masharti machache tu, na lile kubwa ndilo alilovunja. Nilimuuliza anataka nini na koo langu, au kule mbinguni kuna upungufu. Watu walipishana nami wakaniamkia, "Sasa mathe," nami nikaitikia kwa ile sauti ya mjomba, wakaharakisha. Nilipochoka kugomba niliketi kwenye jiwe nje ya kibanda changu. Nilingoja nione kama amekasirika, kama ataondoka. Hakuondoka. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Nilikuwa nimesema yote, hata mabaya, na Yeye alikuwa bado yuko, kama mume wangu anavyokuwa yuko, bila neno.

Niliamua sitaimba tena. Nitakuwa mtu wa kupiga makofi. Kipaji hicho nilikuwa nimeshakithibitisha wodini.

Jumapili hiyo niliketi nyuma. Tangu nilipougua, kuanzisha nyimbo alijaribu mama mwenyekiti, ambaye huanza vizuri na kukwama ubeti wa pili. Pasta akauliza nani ana ushuhuda. Mlango ukafunguka na akaingia mama mmoja na magongo mawili, ametoka Dundori asubuhi hiyohiyo, amevaa gauni la sherehe. Nilimtambua kwa nywele.

"Bwana asifiwe," akasema alipofika mbele. "Mimi niliombewa goita, na sina goita. Nimetafuta hiyo goita kila mahali, siioni." Kanisa likaanza kucheka kabla hajafika mbali. "Halafu wakamalizia na mguu. Mguu nao, si mnaona, unakuja. Hata ng'ombe nimemsamehe, lakini namkamua nikiwa mbali kidogo." Watu walikuwa wanajishika mbavu. Mama mwenyekiti alikuwa amejificha nyuma ya mkoba wake. "Sasa mimi nimekuja kwa sababu moja. Yule dada aliyetupigia makofi mlangoni, niliambiwa ndiye anaanzishanga nyimbo. Nataka aanzishe, ndio nirudi kwa ng'ombe."

Vichwa vyote vikageuka. Mume wangu hakugeuka; alikuwa ananitazama tayari.

Nilisimama. Nilifikiria kukataa kwa mkono. Lakini mwanamke ametoka Dundori kwa magongo. Nikavuta pumzi, nikatafuta pale juu nilipozoea, pakawa pamefungwa, na koo likatua lenyewe mahali lilipoweza. Nikaanza.

Ilikuwa chini. Ilikuwa chini sana! Mpiga kinanda akainamisha kichwa, kidole kikakimbilia kulia kule alikonizoea. Akagonga, akatikisa kichwa. Akasogea kidogo. Hakuna. Akaja katikati, akanitazama kama anauliza niko wapi, nami nikaendelea kuimba, nikianza kuona kichekesho cha jambo hili, mchanga wangu ukikwaruza kila neno. Kidole kikavuka kwenda kushoto, kikashuka, kikashuka tena, mpaka mzee akahama kiti. Akanipata. Akacheka kwa sauti, mbele ya watu wote, na ngoma ikaingia.

Na kiitikio kilipofika, nikasikia kitu ambacho sijawahi kusikia katika kanisa lile. Wanaume. Wazee wa viti vya nyuma waliokuwa wakisimama kila Jumapili mikono mfukoni, walikuwa wanaimba. Bibi mmoja mzee aliyekuwa akipigapiga mguu tu alikuwa amefungua mdomo wote. Mabati yalitetemeka kwa namna mpya, kutoka chini. Na kando yangu, kwa maana alikuwa amekuja akasimama kando yangu bila mimi kuona, mume wangu alikuwa anaimba. Ile sauti ya karakana, nzima, wazi, haijifichi. Nilisahau maneno ya ubeti wa pili. Haikuwa na neno, wao walikuwa nayo.

Tuliimba wimbo ule mpaka pasta akafunga Biblia yake na kuachana na mahubiri. Mama wa Dundori aliruka kwa gongo moja.

Tukirudi nyumbani nilimshika mume wangu mkono wa koti. "Miaka yote hiyo," nikamwambia. "Una sauti kama hiyo, na unasimama hapo unachezesha midomo. Kwa nini hukuwahi kuimba?"

Alifikiria, kama kawaida yake, mpaka tukapita kibanda changu.

"Nilikuwa nataka," akasema. "Lakini hukuwahi kuanzia mahali mimi naweza kufika."

Nilisimama katikati ya njia. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena kwa ile sauti ya mjomba mpaka mbwa wa jirani akabweka. Yeye akangoja nimalize.

"Anza tena, Mama," akasema. Nikaanza, chini kabisa, tukaimba mpaka kwenye geti.